Mto Chini ya Kiti

Waliponiambia ni gari la mseto
nilicheka: mseto naujua,
mchele na choroko, chungu kimoja,
kimoja kikichelewa kuiva nyumba nzima hulala na njaa.

Lilishuka bandarini na mwanamke ndani yake.
Kila nikiwasha, ananiamkia Kijapani,
nami namjibu, "Marahaba,"
maana sikuona wa kumuuliza anasema nini,
na heshima haina gharama.

Mwaka na miezi minne tulielewana.
Kwenye foleni ya Buguruni linanyamaza kabisa,
injini imelala, umeme umeshika zamu,
wauza maji wananigongea kioo
wakidhani nimeharibikiwa.
Mafuta ya elfu thelathini yananifikisha Ijumaa.
Niliringa. Sikatai. Niliringa.

Kisha Jumanne, juu ya daraja la Tazara,
ikawaka pembetatu nyekundu
yenye alama ya mshangao tumboni,
kama mwalimu wa hesabu aliyeona jibu langu.
Yule mwanamke akaanza kusema, haraka, kwa kirefu.
Nikamwambia, "Polepole, dada."
Nyuma ya kiti feni ilivuma kama inapepeta mchele wa harusi,
mguu nimekandamiza, gari linatambaa,
na viroba vyangu sita vya sufi
vimetulia kiti cha nyuma kama abiria waliokwishalipa.

Kwa Kihiyo, Ilala Bungoni, nilikuta foleni ya wagonjwa.
Lyakurwa alivuka maji Jangwani mwezi wa nne;
tangu siku hiyo jua likiwaka na gari linawaka,
mawingu yakijikusanya linazima.
"Lina kumbukumbu kuliko mimi," anasema.
Sekela aliliacha lake wiki mbili, akaenda kuzika Tukuyu;
aliporudi hata mlango ulimkataa.
Ile betri ndogo, ya kawaida,
ndiyo inayoiamsha kubwa, nayo ilikuwa imekufa.
"Kumbe bosi," akasema, "hufunguliwa ofisi na mfagiaji."
Na kijana mmoja wa teksi, jina hakutaja,
alishauriwa aifute tu ile alama.
Akaifuta. Taa ikatii.
Betri ikagoma.

Kihiyo alivua pete ya ndoa,
akaiweka ndani ya kizibo cha soda,
akavaa glavu nene za mpira.
"Umeme huu haupigi hodi."
Akachomoa plagi ya usalama, akasubiri dakika kumi
bila neno, kama aliye msibani.
Kiti kikang'oka. Nyaya za rangi ya chungwa.
Seli ishirini zimesimama mstarini.
Akawa anapima na kutaja,
Shomvi, mwanafunzi wake, anaandika kwa chaki sakafuni:
saba nukta nane,
saba nukta nane,
saba nukta saba,
mpaka ya kumi na mbili:
sita nukta moja.
"Huyu. Mmoja tu. Ila wenzake wamechoka kumbeba."

"Kimemuua nini?"
Hakunijibu. Alifungua feni,
akaingiza vidole viwili, akavuta,
na kikatoka kitu cheupe, kikaendelea kutoka,
kama leso mfukoni mwa mtu wa mazingaombwe.
Sufi.
Sufi ya mito ninayoshona Manzese,
iliyopeperuka kirobani miezi yote ile
ikaingia kwenye kidirisha cha vitundu kando ya kiti
nilichodhani ni spika.
Betri ilikuwa inaomba hewa. Mimi naipa usingizi.
Kihiyo aliibonyeza kiganjani, ikarudi umbo.
"Mama, umelishonea gari mto."

Walicheka. Lyakurwa mpaka akashika ukuta.
Nami nilicheka, ila nilichelewa kidogo.

Laki mbili na themanini, seli ya mtumba, dhamana ya mdomo.
Siku ya tatu nikawasha, shuka kuukuu limefunika viroba.
Mwanamke akaniamkia.
Nikafungua mdomo kuitikia, nikasita:
pengine tangu siku ya kwanza
haikuwa salamu.

Nikazima. Nikashuka.
Nikaenda nyuma kutazama tundu.