Kiu ya Pikapu

Kituoni Jogoo Road, foleni ya nyuma yanipigia honi.
Kemunto kashika bomba, mkono mmoja kiunoni:
"Mama, petroli au dizeli?"

Sijui.
Miaka kumi na tisa nimekaa kiti cha abiria,
nikihesabu chenji, nikimenya njugu.
Kiu ya pikapu hii aliijua Mulwa peke yake.

"Tukikosea, injini itazima kabla ya Donholm,"
asema, wala hanicheki.

Nafungua kifuniko. Nainama, nanusa,
na ghafla ni lile koti nyuma ya mlango wetu,
ambalo sijalifua tangu Machi,
ambalo dada zake wanataka nilitoe.

"Dizeli," namwambia.
"Ya elfu mbili. Polepole."