Kamba ya Katani

Kamba hii aliisokota babu yangu, Rwabuhungu,
katani juu ya paja, mate kidogo, vumbi kidogo,
akaitia mafundo kumi na mawili.
Alipoinyoosha toka kileleni kwenda bondeni
kamba ilikwisha, shamba likabaki.

Baba alipogawiwa, waliikunja mara mbili.
Tulipogawana sisi, tuliikunja tena:
Katabarwa akashika huku, Nshemereirwe kule,
mimi kitinda mimba nikaachiwa mteremko
ambao mbuzi akipiga chafya anaangukia kwa jirani.

Leo wanangu saba wamekaa kwenye tuta
wanaitazama kamba mkononi mwangu
kama watu wanaotazama mkate kabla ya kisu.
Naikunja. Inanenepa.
Ndiyo ajabu ya kamba: kila ukiikunja
inazidi kujaa kiganja
na inazidi kufika karibu.

Na marehemu wanataka nafasi yao.
Mwaka jana Arinaitwe alilima hadi miguuni pa bibi.
Hatukumgombeza. Viazi vya pale vilikuwa vikubwa,
tukavila macho chini.

Rubanda nzima ndivyo ilivyo. Ukungu ukiondoka asubuhi
unaiona milima imeshonwa viraka,
kiraka cha mtama, cha maharage, cha viazi,
na kitambaa chenyewe kilichotiwa viraka
hakionekani tena.
Msitu? Ulikuwa pale, penye bati linalong'aa.
Imebaki mikaratusi kumi na mitatu ya Katabarwa,
kila mmoja na namba yake, kama wafungwa.

Sasa sikilizeni jambo la maharage.
Maharage yanataka saa tatu jikoni.
Saa tatu ni mzigo mzima wa kuni kichwani,
na mzigo wa kuni siku hizi ni safari ya kutwa.
Mwaka huu tumevuna, magunia mawili yamesimama ukutani,
na tumelala njaa yakitutazama.
Chakula kipo, moto haupo.
Kwa hilo wazee hawakutuachia methali.

Redio ya jirani inasema watu wa dunia
wamepita bilioni nane.
Usiku lori la makaa linapita likielekea Kampala,
limefunikwa turubai kama mgonjwa.
Bilioni sizijui. Najua bakuli tisa.
Najua Kyomukama, mke wangu, anayejipakulia mwisho
na kusema ameshashiba harufu.

Nesi wa zahanati alifika Jumanne na mfuko wake,
akaniuliza nimezaa wangapi, na kwa nini.
Nikamwambia: wawili kwa ajili ya jembe, mmoja wa kunizika,
mmoja kwa hofu ya surua,
waliobaki ni baridi ya huku.
Nesi alicheka. Kyomukama hakucheka.
Alimsindikiza hadi njia panda, wakaongea mpaka jua likageuka,
na aliporudi hakunieleza,
wala sikuuliza.

Kebirungi ndiye aliyeinuka kwenye tuta.
"Baba, fundo moja halilimiki.
Liache shamba zima. Tulime pamoja,
tugawane debe, tusigawane udongo."
Kaka zake wakaangua kicheko:
tangu lini binti akawa na mkunjo kwenye kamba?
Nami nikasema giza limeingia, tutapima kesho.
Sikusema kesho ipi.

Jikoni nikamkuta anamimina maji kwenye karai,
maharage yamezama, juu kaweka sinia.
"Yakilala majini," akasema bila kugeuka,
"asubuhi yataiva kwa nusu ya kuni."

Nimelala, kamba iko chini ya mto.
Nyumba yote imetulia
ila kule jikoni nayasikia,
yanavimba, yanasukumana, yanainua sinia kidogokidogo,
kila moja likitafuta nafasi
ndani ya karai lilelile.