Unene wa Harufu

Chumba chetu, Madungu, kilikuwa ghala la karafuu.
Tuling'oa mlango wa mbao, tukatia wa bati
wenye mpira pembeni, tukapaka chokaa mara tatu,
na meza ya jiwe tukaivisha vipande vya tairi miguuni
ili ardhi ikitikisika, sindano isijue.

Sindano yenyewe, ncha yake huioni.
Inapapasa kioo kama kidole cha kipofu
kinachosoma, kikarudi, kikasoma tena,
na kompyuta inachora kilichoguswa:
vilima, mabonde, na vitobo tulivyovitoboa wenyewe
kwa chujio la visima vya Micheweni,
kipindupindu kibaki nje, maji yapite.
Kitobo kimoja, nanometa ishirini.
Shika unywele wako. Uchane
upana wake mara elfu nne.
Umechoka?
Hapo ndipo tulipoanzia kazi.

Tulikuwa wanne na lugha nne.
Salhiya wa kemia akisema "tabaka,"
Khatibu wa fizikia akisema "kelele,"
daktari Mgeni akiuliza tu, "Litaua wadudu au haliui?"
Ussi, fundi redio, hasemi; anatega sikio ukutani.

Yeye ndiye aliyesikia.
Picha za jioni zilikuwa zikitoka na mawimbi,
matuta yamepangwa kama ya viazi,
na nyuma ya ukuta: du, du, du,
Bi Mize Shaame anatwanga kisamvu.
Tukamwita. Tukamwonesha.
"Huu ni mchi wako."
Akaitazama, mikono bado ya kijani,
akaweka kidole mahali pasipo na tuta:
"Hapa mtoto alinililia."
Tangu siku ile akatwanga asubuhi,
nasi tukapima usiku.

Mawimbi yakaisha. Likabaki jambo moja.
Kila kioo kilicholala mezani
kiliamka kimenenepa. Nanometa mbili.
Salhiya akakiosha kwa spiriti, akakikausha,
akakiosha tena kwa hasira.
Mbili.
"Ni uoshaji wako," akasema Khatibu.
"Ni sindano yako," akasema Salhiya,
na kwa siku tano wakasalimiana kwa vichwa tu.

Mimi, mwandishi wa vipimo, nilirudi nyumbani
nikatundika koti langu jeupe msumarini.
Mama akapita, akasimama.
"Umetoka kuchuma?"
"Kuchuma nini?"
"Karafuu. Unanuka kama marehemu baba yako."

Sisi hatukuwa tukiisikia tena.
Sakafu ile ilikuwa imekunywa miaka sitini ya magunia,
na usiku, joto la mashine likiipanda,
inapumua. Mafuta yanaelea, yanatafuta pa kutua,
yanatua penye usafi.
Tukafungia kioo kimoja ndani ya kasha, kimoja tukakiacha wazi.
Asubuhi, cha kasha: sifuri.
Cha wazi: mbili na nukta moja.
Salhiya akacheka mpaka akakaa chini.
Khatibu akamletea chai, bila neno.

Baba alikuwa mpimaji katika ghala lile lile.
Alipima kwa pishi, akisawazisha juu kwa kiganja,
na mchumaji akilalamika, humjibu:
"Pishi haimpi mtu, ila alichokileta."
Sikujua kama alisema kwa haki au kwa ukali.
Alikufa na deni dukani, na vidole vyeusi
visivyotakata kwa sabuni yoyote.

Wiki iliyofuata saruji ilimwagwa, harufu ikazikwa.
Chujio linaendelea; bado linapasuka pembeni,
na Mgeni bado anauliza swali lake.
Daftarini imeandikwa: *Tabaka lisilotakiwa. Chanzo: ghala.*

Lakini kioo kile cha wazi sikukiosha.
Kimo katika kibweta, kimezungushiwa pamba.
Ukikielekeza kwenye mwanga, ni kioo kitupu.
Nimeandika jina lake kwa penseli, herufi ndogo,
upande wa pili,
ule usiopimwa.