Wapangaji

Februari, na mvua isiyo na adabu
inapiga mabati ya ofisi yetu hapa Lang'ata.
Kalenda ya ukutani inasema kiangazi.
Mezani, ramani ya mlima. Mpaka wa hifadhi
ulichorwa kwa wino mwaka niliozaliwa.
Aliyeuchora simlaumu: alikwenda, akasikiliza usiku,
akazungushia mstari pale chura alipolia.

Chura mwenyewe ni mdogo kama kifungo cha shati.
Hajui mstari. Anajua ubaridi tu,
na ubaridi umeanza kuupanda mlima,
kila mwaka hatua chache, bila kuaga.
Safari hii Mghoi alilala huko siku tisa.
Ndani ya mstari, kimya.
Juu zaidi, nje ya uzio wetu,
kwenye mikaratusi ya Mzee Mwandoe,
akasikia watatu. Labda wanne.

"Mpaka usogezwe," nikasema kikaoni.
Bwana Kipsoi wa fedha akauliza usogezwe hadi wapi,
na hadi lini, maana mpango ni wa miaka thelathini
na wafadhili wanataka ekari, si ubashiri.
Nikafungua mdomo. Chai ikapoa.
Mlima una kilele. Hilo sikulisema.

Jioni, Umoja, mwisho wa mwezi.
Mkokoteni unapita na godoro, sufuria,
jiko, na kuku ndani ya ndoo.
Mama anaufuata, amekumbatia televisheni kama mtoto mgonjwa.
Kodi imepanda. Amepata chumba ghorofa ya sita,
chini ya paa kabisa.
"Nikitoka hapo," akaniambia akicheka, "ni mbinguni."

Kiswahili kina neno moja, mpangaji,
kwa anayelipa kodi
na kwa anayepanga mipango.
Nilikuwa nikidhani ni ufinyu wa msamiati.

Asubuhi nikaikunjua ramani tena.
Wino wa yule bwana nikauacha palepale,
watakaokuja waone tulikoanzia.
Juu yake nikachora kwa penseli:
makao ya leo, makao ya mwaka wa kumi,
ukanda wa kivuli kando ya kijito,
Mzee Mwandoe akikubali,
na kileleni, alama ya kuuliza.
Kisha kwenye orodha ya mahitaji nikaandika:
miche ya kienyeji, elfu nne.
Vipimajoto, ishirini.
Raba, moja, kubwa.