Herufi za Pointi Sita

Naitwa Mujinga. Usicheke.
Kwa Kiluba ni mtoto aliyezaliwa na kitovu shingoni,
kwa Kiswahili ni hilo ulilokwisha kulifikiri.
Ustadh Makki, siku ya kwanza aliponijia Kamalondo
na karatasi iliyokunjwa ndani ya kofia,
aliyapima majina yote mawili, akaniita Mama Chapa.

Harakati yao ilikuwa chumba kimoja
nyuma ya duka la binamu yake, muuza vipuri vya malori:
mikeka, birika, ramani ya kisiwa chao
ambacho kidole gumba changu kilikifunika chote.
Watu tisa. Serikali ya watu tisa, nilimtania,
na mawaziri wawili hawasemezani.

Matamko yalikuwa ya Kifaransa, ili Jeneva isome,
na kila tamko liliisha hivi:
*sisi, pamoja na washirika wetu*
Hapo ndipo ilipokuwa kazi yangu.
Mwaka wa kwanza, wakomunisti.
Hawasali, alisema Makki, lakini kufungwa wanakujua.
Mwaka wa pili niliwachomoa, herufi moja moja, kwa koleo,
nikawapanga matajiri wa bandarini,
kisha chama cha Wasuni, kwa miezi minne tu,
kisha binamu wa mfalme aliyenyimwa urithi.
Herufi zangu ni za risasi.
Ndiyo risasi pekee waliyokuwa nayo.

Mimi hesabu hiyo naijua.
Mwaka wa tisini na mbili, jirani aliyekula bukari kwetu Jumapili
Jumatatu alitutia alama ya chokaa mlangoni.
Rudini kwenu Kasai, alisema.
Kasai sijawahi kuiona.
Tulilala stesheni ya Likasi, mtoto akihara,
treni nayo ikiahidiwa kama mbingu.
Niliporudi jirani alinirejeshea sufuria,
akataka nimchapie kadi za harusi ya bintiye.
Nilichapa. Kwa bei ya kawaida.

Usiku wa Ashura walinikaribisha nikae mlangoni.
Umeme ulikuwa umekatika, bomba la kiyeyushio halikuonekana.
Makki akasimulia Kufa: magunia ya barua,
elfu kumi na nane waliopeana mkono na mjumbe,
na jinsi alivyotoa salamu ya Magharibi, akageuka,
msikiti mtupu,
hata wa kumwonyesha njia hayupo.
Wenzake walilia. Yeye aliitazama mikono yangu,
wino chini ya kucha.

Siku ya nne akaja Radhi, kijana wao wa simu mbili,
na orodha mpya. Jina moja limeongezwa:
kanali aliyekosana na mfalme mwezi uliopita.
Jela ilikuwa yake. Abdulnabi, mdogo wake Makki,
aliingia humo kwa miguu yake
akatoka ndani ya blanketi.
Nikamwambia Radhi, mwache mzee aje mwenyewe.

Alikuja mvua ikianza, viatu vyekundu kwa udongo.
"Mkono usioweza kuukata," alisema
kwa Kiswahili chake cha duka la vipuri, "ubusu."
"Na ukishaubusu?"
Alifuta miwani. Akaifuta tena.
"Una herufi ndogo kiasi gani?"
"Pointi sita. Za anwani ya mchapaji."
"Mweke humo."

Ndivyo nilivyolala mstari mmoja na kanali,
jina lake, nukta, jina langu, Kamalondo.
Nakala mia tatu.
Ya mia tatu na moja niliipiga peke yangu, mlango nimeufunga.
Nilimchomoa kanali, nikapanga jina lingine,
na mstari ule sikuupaka wino.
Mashine iligonga, karatasi ikabonyea.

Makki aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha.
Akapitisha kidole pale palipo peupe,
akarudia, polepole, mpaka herufi ya mwisho.
Akauliza bei.