Mizani Imekataa

Ilianza na sentensi moja fupi
niliyoituma ofisi kuu Kampala, saa tisa ya usiku,
kwa Kiingereza changu cha wakati ule:
kwamba mizani ya Malaba imekataa.

Asubuhi jibu likaja, na nakala kwa watu kumi na mmoja.
Bi Nansikombi, mkuu wa kitengo, aliuliza:
"Imekataa? Uliibembeleza? Ilitoa sababu gani?"
Wakacheka wote, kila mtu na vikatuni vyake vya machozi.
Nami nikacheka,
mkataba wangu ulikuwa wa miezi sita.

Kwetu kalamu hukataa.
Pikipiki hukataa kilima, kiberiti hukataa masika,
na hakuna aulizaye ni nani aliyekiudhi kiberiti.
Kumbe Kiingereza cha kazini
hakitaki chuma kiwe na moyo.
Chuma huharibika tu.

Nikanunua daftari dukani kwa Oketcho,
kurasa tisini na sita, jedwali la kuzidisha mgongoni,
nikasoma kati ya lori na lori:
lori la saruji, neno; lori la mitumba, neno;
trela la mahindi ya Busia, kanuni nzima ya wakati uliopita
na vighairi vyake, ambavyo ni vingi kuliko kanuni.

Nilikosea, nisiseme uongo.
Bi Nansikombi nilimwandika kama mwanamume, mara tatu katika barua moja,
maana kwangu yeye ni yeye,
awe na ndevu awe na gomesi.
Wakaguzi waliposhuka garini niliwapa salamu yetu,
ile ya kumpongeza mtu kwa kazi,
wakatazamana: kazi gani, ndiyo kwanza tumefika?
Wandera wa zamu ya mchana akanifundisha
kwamba "tafadhali" ya barua za ofisi
mara nyingi ni amri iliyovaa tai.
Hiyo nikaiandika kwa wino mwekundu.

Mwezi wa nne nikaanza kuota kwa Kiingereza.
Ndoto fupi, zenye tarehe juu na sahihi chini.
Mama, kwenye simu, akasema: Nyaketcho,
siku hizi unapumua kabla ya kusema.

Halafu usiku wa sukari.
Lori la ekseli sita, tani nne juu ya kibali,
dereva amelalia usukani,
na ujumbe kutoka Kampala, laini kama samli:
tafadhali, kwa hisani yako, oanisha takwimu
ili shehena isicheleweshwe.

Kuoanisha. Nililijua. Ukurasa wa arobaini na moja,
kati ya kuambatisha na kuidhinisha.
Nililikariri nikiosha vyombo,
nikalipenda hata, lilikuwa na sauti ya kwaya.
Sasa lilisimama mbele yangu limekunja mikono,
likingoja nifute nne.

Miezi mitano nyuma nisingelielewa.
Ningejibu ndiyo, kwa adabu, kama tunavyojibu
tusichokielewa.

Niliwasha upya mashine. Nne.
Nikamsogeza dereva mbele, nikamrudisha. Nne.
Mende akakatiza kioo, akasimama juu ya ile namba, akaenda zake.

Nikaandika. Nikaanza na heshima zote,
nikamtaja mama kwa neno la kike,
nikaambatisha tiketi, saa, namba ya gari, kila koma mahali pake.
Nikafika kwenye sababu.
Kulikuwa na maneno mengi mazuri daftarini.
Nikayaacha yalale.
Nikaandika: mizani imekataa.
Nakala kwa watu kumi na mmoja.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyejibu pia,
na mkataba wangu unaisha Ijumaa.

Dereva aliteremka akijikuna shingo.
"Imekuwaje, dada?"
"Imekataa."
Akaitazama mizani, akanitazama mimi,
akaenda kutafuta wapakuzi.