Mkebe wa Kulia

Guldeni tano kwa kila asubuhi,
na chai, na biskuti mbili za tangawizi.
Kazi yenyewe: kusema uongo kwa zamu.

Groningen, Februari, mfereji umeganda.
Sisi sita tuliolipwa, na mmoja asiyejua.
Mezani mikebe miwili ya njegere,
imebanduliwa karatasi, imejazwa mchanga.
"Upi mzito?" anauliza Daktari Roelfsema,
kalamu yake haina haraka.
Wa kulia ndio mzito. Hata mtoto angejua.
Sisi tunasema: wa kushoto.
Wa kushoto. Wa kushoto.
Kama matone ya bomba bovu.

Nimewaona wakiinama.
Mwanafunzi wa uuguzi, aliyepima vichanga mwaka mzima,
aliinua, akashusha, akainua tena,
akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine,
kisha, kwa sauti ya kuazima: "Wa kushoto."
Nikatafuna biskuti yangu.
Wengi wape, husemwa.
Yeye alitupa mkono wake.

Hadi alipokuja Tjaard,
mchukuzi wa viazi sokoni, viatu vya mbao,
udongo kwenye kucha.
Zamu ilipomfikia: "Kulia."
Mara ya pili: "Kulia."
Ya tano, ya tisa, jasho likimteremka nyuma ya masikio,
"Samahanini. Kulia."

Na hapa ndipo usingizi unaponikimbia.
Jantina aliguna. Hilo halikuwemo kwenye maagizo.
Wiebe alisogeza kiti, kidogo tu, mbali naye.
Na mimi,
mimi niliyeijaza mikebe ile kwa kijiko changu mwenyewe,
nilimchukia.
Nilitaka akome. Nilitaka aseme kama sisi, twende nyumbani.

Baadaye Daktari alimweleza yote.
Tjaard akacheka, akavaa kofia,
akatupa mkono, mmoja mmoja, sote sita:
kiganja kigumu, chenye joto.
Wangu ulikuwa baridi, nikauficha mfukoni.
Daftarini yaliandikwa mambo yake tu.
Sisi hakuna aliyetuuliza.

Ni miaka arobaini sasa.
Dukani, nikienda kununua njegere,
nashika mkebe huku na mkebe huku,
nasimama katikati ya rafu
nikingoja
mtu aseme upi.